Sindano, Tarizi na Viraka: Habari za Kazi ya Mikono kutoka Pwani hata Dzaleka

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Wazee wa Jumuiya yetu walipogawa habari za kuandikwa katika kijitabu hiki cha ukumbusho, mmoja alipewa habari za misikiti, wa pili habari za vyuo vya Kurani, na wa tatu habari za masheikh waliotutangulia mbele ya haki. Mimi nikaombwa niandike habari za sindano. Wapo waliotabasamu waliposikia, wakidhani kwamba nimepewa kazi ya kike au mchezo wa kupitisha wakati. Lakini simama mlangoni pa msikiti siku ya Ijumaa, Dzaleka au Lilongwe, utazame wanaoingia. Kofia zao zimetariziwa, kanzu zao zina mishono shingoni, na mabibi wanaokwenda upande wao wamejitanda nguo zenye mapindo yaliyoshonwa kwa mkono. Basi kazi iliyo juu ya kila kichwa na kila shingo yastahili kuandikwa habari zake.

Nitataja kwanza maneno na asili yake, kisha habari za pwani, kisha namna kazi hii ilivyoingia nchi ya Malawi, kisha habari za majirani zetu wa Kongo na za watu wa mbali, na mwisho hali ilivyo leo hapa kwetu.

MANENO NA ASILI YAKE

Kutarizi ni kupamba nguo kwa uzi na sindano. Wengine husema kudarizi. Neno tarizi limetoka katika Kiarabu, na lina ukoo mmoja na neno tirazi, ambalo zamani za Bani Umayya, na za Bani Abbas, na za Makhalifa wa Kifatimi wa Misri, lilikuwa jina la utepe wa maandishi uliotariziwa au kufumwa katika nguo za heshima. Utepe huo uliandikwa jina la mtawala na dua. Hata nyumba ya kazi yenyewe iliitwa kwa jina hilo. Mwanachuoni Ibn Khaldun, katika Mukadima yake, aliweka fasili nzima kuueleza utepe huo miongoni mwa alama za ufalme.

Kiraka, kwa upande wa pili, ni neno la unyonge. Tukisema fulani amevaa viraka, twataka kusema amefukarika. Hili ndilo jambo ninalotaka msomaji alifikiri upya. Katika Muwatta ya Imamu Malik imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik kwamba alimwona Sayidna Umar, wakati huo akiwa Amiri wa Waislamu, naye ana viraka vitatu baina ya mabega yake, kimoja juu ya kingine. Na Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akaeleza kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Baada ya hayo, nani atakayeona haya kushika sindano?

Pambo nalo halikukatazwa. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Bibi Asma binti Abubakar alitoa juba la Mtume lililokuwa na mapindo ya hariri nzito. Katika kitabu hicho hicho yametajwa mafundisho ya Sayidna Umar kwamba hariri kwa wanaume haikuruhusiwa ila kwa upana wa vidole viwili, au vitatu, au vinne. Mshonaji anayepamba kanzu ya mwanamume na akumbuke mpaka huo.

HABARI ZA PWANI

Pwani yetu ya Afrika ya Mashariki ilijua nguo nzuri tangu kale. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka wa 1331 aliona nguo zilizofumwa huko, zikiitwa kwa jina la mji wenyewe, zikisafirishwa hata Misri. Akaendelea mpaka Kilwa, na huko akashuhudia jambo ambalo wasimulizi wa pwani wamelipenda sana: fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha Sultani wa Kilwa akitoka msikitini, akamwomba nguo alizokuwa amezivaa. Sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Nguo katika zama hizo ilikuwa mali na heshima kwa pamoja.

Katika karne ya kumi na tisa ikaja merikani, nguo ya pamba isiyotiwa rangi, iliyoletwa Unguja na majahazi makubwa ya wafanyabiashara wa Salem huko Marekani. Zikaja pia leso za rangi, zilizouzwa katika jora moja refu. Wanawake wa Unguja na Mombasa, wakikataa kuvaa merikani tupu iliyokumbusha utumwa, walikata leso hizo kwa makundi, wakaziunganisha sita sita, tatu juu na tatu chini, zikawa nguo moja ya kujitanda. Hiyo ndiyo asili ya kanga, ambayo Mombasa na Lamu mpaka leo huitwa leso. Baadaye viwanda vikaona biashara, vikaanza kupiga chapa nguo nzima ya namna hiyo. Basi mama anayetandaza kanga yake leo na akumbuke kwamba bibi yake aliianza kwa kuunga vipande kwa sindano.

Kazi iliyo kubwa kuliko zote katika pwani ni kofia ya viua. Kiua ni kitundu kidogo. Fundi hukata nguo nyeupe vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, kila kimoja kikiwa na tabaka mbili. Huchora nakshi kwa kalamu, kisha hutoboa vitundu kwa kufuata mchoro, na kila kitundu hukizungushia uzi mpaka kikawa na ukingo mgumu usiochanika. Vitundu hivyo ni pambo, tena hupitisha hewa kichwani. Kofia moja iliyo nzuri huweza kumshughulisha mtu mwezi mzima au zaidi. Lamu wanaume wazima hukaa barazani wakishona kofia, wala hapana awacheaye. Barawa wana kofia zao, Wangazija wana zao, na kofia ya Waomani, waiitayo kumma, ni ndugu wa kofia ya Unguja, kwa maana watu wa nchi mbili hizi wamevukiana bahari karne nyingi.

Kanzu nayo ina maarifa yake. Kuna badani, ndio mwili wa nguo, kuna taharizi za ubavuni, kuna kikwapa, kuna sijafu mwisho wa mkono, na shingoni kuna ziki, mshono wa uzi mweupe wa pamba. Kijana wa leo hununua kanzu dukani bila kujua hata jina moja katika hayo.

KUINGIA MALAWI

Mavazi haya yaliingia nchi hii kwa njia ya misafara. Katika miaka ya 1840 alifika ziwani mfanyabiashara wa pwani, Salim bin Abdallah, akakaa Nkhotakota, akapata cheo cha Jumbe. Dr. Livingstone alipofika hapo mwaka wa 1861 aliwakuta watu wa pwani wakiunda majahazi ya kuvukia ziwa. Majumbe walitawala wanne, mmoja baada ya mwingine, mpaka Waingereza walipouondoa utawala wao katika miaka ya 1890. Upande wa pili wa habari hii ni wa Wayao, waliokwenda pwani na kurudi kwa biashara miaka mingi. Yapata mwaka 1870 mfalme wao mmoja, Makanjila, akasilimu, na watu wake wengi wakamfuata. Pamoja na dini na chuo, ikaja kanzu, ikaja kofia, na ikaja lugha ya Kiswahili.

Lakini mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuficha. Misafara hiyo ilibeba jora za nguo kwenda bara, na katika vitu vilivyonunuliwa kwa nguo hizo walikuwamo binadamu. Jora la merikani lilipimwa dhiraa kwa dhiraa dhidi ya mtoto wa watu. Haya yalitendeka, na baadhi ya waliotenda walikuwa wakisali. Tuliseme wazi, ili tujue kwamba nguo hiyo hiyo iliyoleta pambo ilileta na dhuluma, na kwamba sisi tuliorithi pambo imetupasa kuiacha dhuluma mbali, hata ile ndogo ya kumpunja mshonaji ujira wake.

MAJIRANI WA KONGO NA WATU WA MBALI

Wengi wa wakaaji wa Dzaleka wametoka Kongo, basi yafaa tutaje kazi ya nchi hiyo. Katika Kasai wamo Wakuba, ambao wanaume wao hufuma nguo kwa nyuzi za majani ya mwale, na wanawake hutarizi. Nguo hiyo mpya huwa ngumu, hutwangwa kinuni ipate kulainika, na katika kutwangwa hutoboka. Mabibi wakawa wakiziba matundu kwa viraka vidogo vilivyokatwa kwa umbo, na kwa kuwa kiraka kimoja chaonekana peke yake, wakaongeza vingine pasipo tundu ili nguo ilingane. Mwishowe viraka vikawa ndio pambo lenyewe. Kisha wana ile tarizi yao ya nyuzi fupi zilizokatwa, laini kama mahameli, yenye pembe na misalaba isiyorudia namna moja. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamishionari walimletea mfalme wa Wakuba pikipiki wakidhani atastaajabu. Mfalme hakuijali pikipiki. Alichostaajabia ni alama za magurudumu yake katika mchanga, akaamuru nakshi hiyo inakiliwe na ipewe jina lake.

Huko Sudan, Muhammad Ahmad, aliyejiita Mahdi, alipoanza harakati zake mwaka wa 1881, wafuasi wake walivaa juba la viraka kuwa dalili ya kuiacha dunia. Mwanzo kiraka kiliziba tundu la kweli. Wakati wa Khalifa Abdullahi, kabla ya vita vya Karari vya mwaka wa 1898, majuba mapya yalikuwa yakishonwa kwa viraka vya rangi vilivyopangwa sawasawa, na viraka vya wakubwa vilikuwa vizuri zaidi. Hivyo alama ya ufakiri ikageuka kuwa sare ya jeshi.

Na huko Marekani, baada ya maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka wa 1876, ambako watu walivutiwa na sanaa za Wajapani, iliingia shauku ya kushona mablanketi ya viraka visivyo na mpango. Katika miaka ya 1880 mabibi wenye nafasi walikusanya vipande vya hariri na mahameli vya kila umbo, wakavishona juu ya kitambaa kimoja, na kila ungio wakalifunika kwa tarizi: maua, ndege, vipepeo, hata utando wa buibui. Viwanda vya hariri viliwauzia mabaki kwa vifurushi. Mablanketi mengi hayakufunikiwa mtu. Yalitandazwa sebuleni yatazamwe.

Wakuba, Wasudani, na mabibi wa Marekani hawakujuana, na sababu zao zilikuwa mbali mbali, lakini mwanzo wao ulikuwa mmoja: kipande kilichosalia, ambacho mtu hakutaka kukitupa.

DZALEKA NA LILONGWE

Dzaleka ipo katika wilaya ya Dowa, kilomita kati ya 40 na 50 kaskazini ya Lilongwe. Zamani za utawala wa Dr. Banda ilikuwa gereza, na waliofungwa humo kwa sababu za siasa walikuwa wengi. Mwaka wa 1994 ikafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Uhabeshi na kwingineko. Lugha inayowaunganisha wengi wao sokoni ni Kiswahili.

Mtu akikimbia vita hubeba mtoto kwanza, kisha kitenge cha kumfungia. Nguo, basi, ndiyo mali iliyovuka mipaka kuliko zote. Kitenge kikichakaa, sehemu iliyo nzima hukatwa ikawekwa. Ndivyo mabibi wa kambini walivyopata akiba ya vipande: kanga ya harusi, shati la mume, sare ya shule ya mtoto aliyekwisha kukua. Vipande vingine hutoka Lilongwe, katika mitaa ya maduka ya nguo ya Area 2, ambako mafundi wa cherehani hukaa barazani, na chini ya kila cherehani hulala mabaki ya vitenge, satini na nguo za suti. Fundi mwema humwachia mama aokote. Lipo pia shirika la There is Hope lililoanzisha kazi iitwayo Kibébé, ambako wakimbizi na wenyeji hushona vitu vya kuchezea watoto na mapambo ya nyumbani kwa vitenge. Na tangu mwaka wa 2014, sikukuu ya Tumaini huwaleta wageni kambini kusikiliza ngoma na kununua kazi za mikono.

Namna ya kushona ni hii. Hutandazwa kitambaa cha chini kilicho imara. Juu yake hupangwa vipande, kuanzia pembeni au katikati, kila kimoja kikilalia ukingo wa mwenziwe, bila kipimo. Kingo hukunjwa ndani na kupigwa bandi. Kisha kila ungio hushonwa kwa uzi wa rangi, ama mshono wa mnyororo, ama mshono ulio kama unyoya wa ndege, na ndani ya vipande vitupu hutariziwa ua, au jina, au mwezi na nyota. Mwisho bandi hufumuliwa, na nyuma hutiwa kitambaa cha kuficha mafundo. Hupumzisha roho, nao hufanywa jioni, watu wakizungumza; na mengi yasiyosemeka mbele ya mgeni husemwa hapo.

Nitataja mas'ala moja niliyoletewa. Mjane mmoja wa upande wa Uvira alikuwa ameshona blanketi kwa muda wa miaka mingi, na ndani yake mlikuwa na kiraka kilichokatwa katika kanzu ya marehemu mumewe. Akatokea mgeni katika Lilongwe aliyetaka kulinunua kwa bei nzuri. Mama akaja kuuliza: je, kuuza ni kumdhulumu maiti? Nikamwuliza kama kanzu ile iliingia katika hesabu ya urithi. Akasema watoto wote ni wakubwa na waliridhia abaki nayo. Nikamwambia basi ni mali yako, na sharia haikuzuii. Akakaa kimya, kisha akasema, "Sharia hainizuii, sheikh, lakini usiku huupapasa ule mmoja." Akarudi kwake, akakifumua kiraka kile, akatia kingine cha kitenge mahali pake, akauza. Mgeni aliona kwamba kipande kimoja ni kipya kuliko vingine, akauliza. Mama akamjibu kwamba mahali pale palikuwa na mtu ambaye hauzwi. Mgeni akalipa bei ile ile. Karo ya mtoto ikapatikana, na kiraka kimo katika msahafu wake hata leo.

Biashara ya namna hii si rahisi tena. Malawi iliingia katika mapatano ya mataifa ya mwaka wa 1951 juu ya wakimbizi katika mwaka wa 1987, lakini iliweka masharti, na miongoni mwake ni kazi na mwendo wa wakimbizi ndani ya nchi. Mwaka wa 2023 Serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakikaa na kufanya biashara mijini warejee Dzaleka, na mwezi wa Mei mwaka huo amri ikaanza kutekelezwa. Waliokuwa na maduka wakayafunga. Mama aliyezoea kupeleka kazi yake Lilongwe kwa mkono wake sasa aghalabu humtegemea mtu wa kati, na mtu wa kati huhesabu bei ya kitambaa wala hahesabu siku za sindano.

NASAHA

Ndugu zangu Waislamu, na hasa ninyi mlioko Lilongwe ambao mwendo wenu hauna kizuizi, ninayo maneno matatu.

La kwanza, mtu akikupa kazi ya mwenziwe umwuzie, mwambie bei uliyopata na chukua ujira mliopatana, si zaidi. Amana ya nguo ni amana kama ya fedha.

La pili, mabibi wanaojua kofia ya viua wamebaki wachache katika kambi na mjini, na wengi wao macho yamepungua. Chuo chetu kina mikeka na kina vijana, wa kike na wa kiume, ambao baada ya alasiri hawana la kufanya. Jumuiya ikitoa nguo nyeupe, uzi, sindano na subana, mwalimu hatakosekana. Tusingoje mpaka wa mwisho azikwe na kazi yake.

La tatu, kila nyumba yenye blanketi la viraka na imwandikie mtoto katika daftari: kipande hiki kilitoka wapi, nguo ya nani, mwaka gani. Wengi wetu hatuna hati za kuzaliwa wala picha za wazee wetu. Vipande hivi tunavyo, na wanaovifahamu bado wako hai.

Namwomba Mwenyezi Mungu awasitiri wenye haja, awarejeshe kwao kwa amani wanaotamani kurejea, awape utulivu watakaobaki, na awarehemu wote ambao nguo zao tumezihifadhi nao wametutangulia. Wabillahi taufiki.